Nimefufua baiskeli ya Kiitaliano iliyoundwa kwa mkono, na kikombe cha gololi cha kulia kimenitoa jasho

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sina maneno mengi ya mwanzo, hiki kitu kimeninyima usingizi wiki tatu na nataka mkione. Ngoja nisogeze kamera, mwanga wa dirishani unapiga kwenye kromu. Haya. Mnaikumbuka ile fremu ya bluu niliyowaonyesha kabla ya Ramadhani, iliyopakwa rangi ya mageti? Ndiyo hii. Hiihii!

Niliikuta Tandika, hapa Dar es Salaam, kwenye rundo la baiskeli za mtumba, imelaliwa na baiskeli za watoto. Muuzaji alianzia laki mbili na nusu, tukamalizana laki na themanini. Jina la fundi aliyeiunda lilishaondoka na msasa wa mtu. Lakini nilipochomoa uma wa mbele na kuchungulia ndani ya bomba lake, kule chini nikaona mistari mitano inazunguka kama ndani ya mtutu wa bunduki. Moyo ulinienda mbio. Hiyo ni alama ya mabomba ya kampuni ya Columbus, ya Milano, Italia. Mistari ile waliiweka pale bomba linapobeba mzigo mkubwa, ili chuma kiwe chembamba kwingine bila kukatika hapo.

Sasa sogea karibu, angalia kiungo hiki. Bomba limeingizwa ndani ya soketi, kisha shaba ikayeyushwa ikapenya katikati. Halafu mtu amekaa na tupa, akakata kingo za soketi mpaka zikawa nyembamba kama ukucha. Ona ncha ya kulia. Sasa ona ya kushoto. Ya kushoto imetangulia kidogo, kama milimita moja. Ni mkono huo, wadau. Mkono wa mtu.

Ukubwa wa tairi, idadi ya giya, hayo mnayajua, napita. Nafasi ya gurudumu la nyuma kwenye fremu ni milimita 126, zile za giya sita au saba za zamani. Fundi mmoja alitaka kuipanua fremu iingie gurudumu jipya, nikakataa. Chuma kinaruhusu, lakini sikuona haja.

Sasa vifaa vilivyochongwa majina. Zamani waundaji wa Italia walikuwa wanachonga majina yao kwenye shingo ya usukani, kwenye sproketi, mpaka kwenye nguzo ya kiti, wanajaza rangi. Mimi shingo yangu nimeipeleka kwa yule kijana wa Kariakoo anayechonga vikombe vya mashindano na ngao. Ameandika MWANAHAMISI, jina la mama. Rangi nyekundu iliyojaza herufi ni rangi ya kucha, ya dada yangu. Unapaka, unasubiri ikauke, unafuta juu kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, inabaki ndani ya mchongo tu. Nimeipenda mno.

Sproketi ya mbele nimeitoboa matundu 40. Hii ilikuwa fasheni kubwa miaka ya sabini, kupunguza uzito. Eddy Merckx, yule bingwa wa mbio wa Ubelgiji, tarehe 25 Oktoba 1972 kule Mexico City, aliendesha kilomita 49.431 ndani ya saa moja juu ya baiskeli ya fundi Mwitaliano Ernesto Colnago ambayo haikufika kilo sita, na mpaka mnyororo wake ulitobolewa. Na ni kampuni hiyohiyo ya Colnago inayounda baiskeli anayoendesha Pogačar, Mslovenia aliyeshinda ubingwa wa dunia Kigali Septemba 2025. Tangu Kigali nyie mnaniletea ujumbe wa baiskeli za mbio kila siku, na nafurahi kweli. Ila usitoboe mkono wa kranki, ule unaoshika pedali, wala shingo ya usukani. Zikikatika, meno yako ndiyo yanayopokea lami.

Haya, nije kwenye kilichonitoa jasho. Hapa chini, tundu ambamo shafti ya pedali inapita. Kuna kikombe kila upande, ndani kuna gololi. Thredi za Kiingereza, kikombe cha kulia kinafungwa kinyume, kwenda kushoto. Cha Kiitaliano, kipenyo milimita 36, vyote viwili vinafungwa kawaida, kwenda kulia. Utasema kuna tatizo gani? Chukua penseli. Kweli, nenda kachukue, nakusubiri.

Ishike katikati ya ngumi, ilegeze kidogo. Kwa mkono mwingine shika ncha yake uizungushe kama unachora duara, kufuata mshale wa saa. Polepole. Unaona penseli yenyewe inajizungusha kwenda upande gani? Kinyume! Rudia. Kinyume tena. Ndiyo sababu pedali ya kushoto ya baiskeli yoyote inafungwa kinyume, fundi yeyote wa mtaani atakwambia. Sasa kwenye kikombe cha kulia, shafti inazunguka kufuata saa, gololi zinabana, kikombe kinasukumwa kinyume cha saa. Ukikifunga kwa thredi ya kawaida, unavyokanyaga ndivyo unavyokifungua. Kila mzunguko, kidogo kidogo.

Mara ya kwanza nilifunga kwa spana, nikasema imekaza. Kilomita kama arobaini, niko Tegeta narudi, nasikia kwi, kwi, kwi. Nikashuka. Kikombe kimetoka nusu, gololi mbili ziko barabarani, na lori la mchanga liko nyuma yangu. Nilikasirika sana. Nikasema Waingereza walikuwa na akili, Waitaliano wanajali uzuri tu.

Lakini huwezi kuirudisha kuwa ya Kiingereza, tundu la Kiitaliano ni kubwa zaidi. Fremu ya Kiingereza ikifa thredi, mafundi huipanua kuwa ya Kiitaliano. Hii ikifa, njia hiyo ya kuipanua haipo. Kwa hiyo inatakiwa adabu. Nilichofanya: nimesafisha thredi kwa petroli na brashi mpaka zikang'aa, hakuna grisi upande wa kulia, nikapaka gundi ya kufunga nati. Halafu fundi wa kukereza vyuma pale Gerezani alinitafutia bolti nene ya milimita 16, akanichongea washa mbili nzito. Bolti inapita kwenye tundu la kikombe, washa nje, washa ndani, nati. Unazungusha kichwa cha bolti kwenda kulia. Inajibana kwenye kikombe, kisha inakizungusha chenyewe. Spana haitelezi, na unaweza kuning'inia na mwili mzima. Elfu kumi na tano tu. Spana maalumu ya dukani niliambiwa laki na ushee.

Jumla yote mpaka sasa ni laki saba na arobaini, pamoja na tairi na kiti cha ngozi kilichoshonwa upya na fundi viatu. Kuna jamaa wanasema kwa hela hiyo chukua alumini mpya. Sawa, alumini mpya nimeziendesha, ni nyepesi, zina giya nyingi. Ila kwenye matuta ya Mbezi zinakurudishia kila kokoto mgongoni. Hii inalamba barabara. Nilisema Waitaliano wanajali uzuri tu, nafuta kauli. Nusu ya kauli. Kikombe bado sijakisamehe.

Kabla sijasahau, tumefika wafuasi elfu kumi, ahsanteni sana, dada zangu na kaka zangu. Alhamisi saa mbili usiku niko laivu, nitafungua habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, mbele yenu. Kama hujajiunga, jiunge, bonyeza na kengele.

Sasa hii ya mwisho, sogea tena. Nilipomaliza kukaza nilichukua ileile rangi ya kucha, nikapiga mstari mmoja mwembamba kuanzia kwenye kikombe mpaka kwenye fremu. Kikijizungusha hata nywele moja, mstari unakatika. Tangu siku hiyo nimeenda kilomita 112. Subiri, nifute vumbi.

Tazama. Bado ni mmoja.