Kabukiza, Tokyo: Tiketi ya Tendo Moja

Jumba la Kabukiza, mtaani Ginza, huonyesha kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Lina viti takriban 1,800, na vile bora huvuka yen 15,000. Asiyetaka kukaa kwa muda wa saa nne wala kulipa hivyo ana hitomaku-mi, tiketi ya tendo moja tu. Kwa kawaida ni kati ya yen 1,000 na 2,000, kutegemea urefu wa tendo. Viti vyenye namba huuzwa mtandaoni kuanzia saa sita mchana ya siku iliyotangulia. Vichache visivyo na namba huuzwa siku yenyewe. Usipange foleni kwenye lango kuu: mlango wa tiketi hii uko kushoto kwake, na lifti inakupeleka ghorofa ya nne. Kuranda ghorofa nyingine huruhusiwi.

Chagua tendo kabla ya kuangalia bei. Matendo ya dansi hujieleza yenyewe. Tamthilia za kihistoria husemwa kwa Kijapani cha zamani ambacho hata Wajapani huhangaika nacho. Usiposoma kisa mapema utasinzia, na lawama si ya waigizaji.

Kasoro kubwa ni hanamichi, ile njia ya waigizaji inayopita kushoto katikati ya watazamaji. Ukiwa juu unasikia pete za pazia zikilia, chariin, vichwa vya walio chini vinageuka, nawe huoni kitu mpaka mwigizaji afike shichisan, karibu na jukwaa. Viti vya kulia vina nafuu.

Fidia yake ni mie, yaani pozi la kilele. Mwigizaji anazungusha kichwa, anakaza macho, anaganda. Pembeni kulia mtu aliyepiga magoti anagonga mbao mbili juu ya ubao: ba-tan! Papo hapo, nyuma yako, sauti inapaa: "Naritaya!" Hilo ni jina la nyumba ya kisanii, si la mtu. Huku sanaa ni urithi: jina la Ichikawa Danjuro, la nyumba hiyo ya Naritaya, lilipata mwigizaji wa 13 wa kulibeba mwaka 2022. Wanaoita ni wazoefu, na wengi wao hupenda viti hivi vya juu. Mwito ukichelewa nusu pumzi umeharibu mie nzima, kwa hiyo mgeni anyamaze.

Beba darubini ndogo. Nirami, lile jicho la makengeza linalosifika katika ukoo wa Danjuro, halionekani kwa macho matupu kutoka ghorofa ya nne.