Umeme wa karakana ya nyumbani Unguja na Pemba: ununue nini kwanza

Anayetaka kuchomelea mageti na grili nyumbani huanza na mashine. Ataingia maduka ya Darajani au Mwanakwerekwe, atauliza ya ampea 200, na akifika kwake ataichomeka kwenye soketi ya sebuleni. Mimi namshauri aanze na waya, breka na erthi (njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja). Mashine mbovu hutengenezwa. Waya ukiungua ndani ya ukuta, nyumba nzima imo hatarini.

Soketi zetu za pini tatu mwisho wake ni ampea 13, sawa na wati 3,000 hivi kwa volti 230. Grenda ya inchi nne na nusu hula ampea 4 tu. Ya inchi tisa, au mashine ya kukatia ya inchi 14, hufika 10, na inapoanza kuzunguka huvuta zaidi. Mashine ya kuchomelea ya aina ya inveta yenye rodi ya milimita 2.5, ukiiweka ampea 80, huvuta ukutani kama ampea 14 au 15. Ukitia rodi ya 3.2, zinapita 20. Plagi itavumilia kidogo, kisha utasikia harufu ya plastiki na ukiishika ni ya moto.

Chaguo la kwanza la kupata umeme wa karakana: laini ya peke yake. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba kutoka ubao mkuu hadi karakana, breka ya ampea 32 ya aina C (aina B hukata ovyo mashine inapowashwa), RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30, na soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 32. Masafa yakiwa mita 30 na mzigo ampea 20, waya huu hupoteza volti 4 au 5 tu. Wa milimita 1.5 hupoteza zaidi ya 17, na rodi itakuwa inaganda kwenye chuma huku ukiilaumu mashine. Kazi aifanye fundi umeme mwenye leseni, na kabla ya kuongeza mzigo waulize ZECO, Shirika la Umeme Zanzibar, kama laini inayoingia kwako inaubeba.

Dukani, omba ukate ncha ya waya ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, uache hapo hapo. Pini za plagi zipitishie sumaku; zikinata, ni chuma, na kwa hewa yetu ya chumvi zitashika kutu upesi.

La pili: laini ya milimita 4, breka ya ampea 20, pamoja na RCD ile ile. Yatosha kwa anayetumia rodi za 2.5 na grenda, basi.

La tatu: jenereta. Umeme wa Unguja huja kwa kebo ya baharini kutoka Ras Kiromoni, Dar es Salaam, hadi Fumba, wa Pemba kutoka Tanga, na waliokuwepo Unguja wanaukumbuka mkatiko wa Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa inveta ndogo ya kuchomelea tafuta jenereta ya kVA 6 au 7, si ile ya kuwashia taa. Ikae nje kabisa. Moshi wake una gesi isiyonusika, nayo huua chumbani.

La mwisho: ekstensheni. Inunue kwa grenda ndogo tu, uikunjue yote, kwani ikiwa imeviringwa hupata moto.

Erthi nimeiweka mbali na orodha kwa sababu haina mbadala. Kibanio cha mashine unachobana kwenye chuma hakiwi erthi ya nyumba. Kwenye udongo wa mjini fimbo ya shaba huzama vizuri, lakini Jambiani, Makunduchi au Micheweni utagonga jiwe mapema. Usiikate fimbo ukafukia kipande. Chimba mtaro penye udongo, laza waya mtupu wa shaba, au unganisha fimbo kadhaa, kisha fundi apime kwa kifaa. Na maweni ndiko RCD inakohitajika zaidi: hata erthi ikiwa na ohm 100, ambazo breka ya kawaida haitaziona, RCD itakata. Ibonyeze kitufe cha majaribio kila mwezi. Isipokata, ibadilishwe kabla ya kuwasha mashine tena.