Spea ndogo za kabureta ya gari la zamani: pa kuanzia na pa kuishia

Gari la zamani likianza kutikisika likiwa sailensa (injini inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta), au kunuka petroli kila asubuhi, mara nyingi kinachohitajika ni kitu kinachoenea kwenye ncha ya kidole: klipu, washa, springi, jeti (kidude chenye tundu dogo la kupimia petroli). Kabureta yenyewe haifi kirahisi. Vinavyoisha na kupotea ni vidude vyake, na wanunuzi wengi huletewa visivyoingia kwa sababu waliagiza kwa jina la gari. Agiza kwa namba ya kabureta. Gari la aina moja lingeweza kutoka kiwandani na kabureta tofauti mwaka huu na mwaka ujao, na tangu hapo limepita mikononi mwa mafundi wangapi?

Kwenye SU, kabureta ya Kiingereza, tafuta kibati cha aluminiamu kilichobanwa na skrubu ya kifuniko. Namba nyingi za zamani huanza na AUC au AUD. Kibati kikiwa kimepotea, pima koo, yaani njia kuu ya hewa, ujue ni modeli gani: HS2 ni inchi 1¼, HS4 ni 1½, HS6 ni 1¾. Sindano ya SU ina herufi ndogo kwenye shina lake, basi ichomoe, ifute, uisome kwa kioo cha kukuza kabla ya kuandika oda. Weber, aina nyingine ya kabureta, hugongwa namba kwenye chuma chenyewe: 40 DCOE ina koo la milimita 40, na jeti iliyoandikwa 120 ina tundu la milimita 1.20.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninapopaamini zaidi.

Kwanza: spea za mwenye jina. SU na Zenith, kabureta nyingine ya zamani, hazijafa. Haki zake ziko kwa kampuni ya Burlen ya Salisbury, Uingereza, nayo bado inazitengeneza. Jeti, sindano na vali ya boya (inayofunga petroli chemba ikijaa) nunua hapa, au kwa wakala wao, hata kama bei inauma. Tundu la jeti likizidi kidogo tu, mchanganyiko wa petroli na hewa unaharibika, na utazungusha skrubu za kurekebisha siku nzima bila kupata jibu. Kwa vali ya boya, chagua yenye ncha ya Viton, mpira wa kisasa, kama petroli yako ina ethanoli, kwa kuwa mpira wa zamani huvimba au kugumu, kisha chemba inafurika.

Pili: kabureta chakavu yenye namba ileile. Wengi huanza na kit, yaani pakiti ya gasketi na vidude vya kufanyia ovahoo, lakini mimi naiweka hii juu yake, kwa sababu vinavyopotea hasa havimo kwenye kit: mikono midogo ya kuvutia, springi za kurudishia, vifuniko, skrubu asilia. Inunue nzima, usinunue vipande. Ishike shafti ya kipepeo (kibati cha duara kinachofungua na kufunga koo) uitikise juu na chini. Ikicheza, bado inafaa kwa vidude vya nje, ila shafti na jeti zake usizihamishe.

Tatu: kit ya ovahoo kutoka kwa duka linaloshughulika na kabureta peke yake. Gasketi, oringi na diaframu zake huwa nzuri. Muulize muuzaji swali moja: mpira huu unastahimili ethanoli? Akianza kuzunguka, tafuta mwingine.

Nne: fundi wa kerezo. Tundu la shafti likishalika, hewa inaingia pembeni na sailensa haitulii kamwe. Hapo dawa ni bushi mpya na shafti mpya, na fundi mwenye mkono mzuri atakutengenezea. Jeti usimpe achonge.

Mwisho kabisa: kit ya bei poa isiyo na jina. Gasketi zake pengine zitakufaa. Jeti na sindano zake usizifunge.

Ukiwa bado unaandika oda, ongeza vifungio, maana spea nyingi hazikuchakaa, zilidondoka barabarani. Muhimu kuliko vyote ni zile skrubu mbili za shaba zinazoshika kipepeo kwenye shafti. Kwenye SU ncha zake zimepasuliwa katikati. Ukishakipanga kipepeo kikafunga koo sawasawa, unazikaza, kisha unazipanua ncha hizo kwa bisibisi ili zisirudi nyuma. Wakati wa kuzitoa, zibane kwanza kwa koleo ndogo, la sivyo zitakwangua nyuzi za shafti. Zikishatoka usizirudishe, funga mpya. Skrubu hiyo ikilegea haianguki chini, inavutwa na injini mpaka kwenye silinda.

Angalia pia nyuzi. SU nyingi za zamani zina skrubu za BA, kipimo cha zamani cha Kiingereza. 2BA na M5 ya kipimo cha milimita hukaribiana sana, milimita 4.7 kwa 5.0, na hatua ya nyuzi karibu ile ile, hivyo M5 huanza kuingia halafu inakwama. Anayeilazimisha anakata aluminiamu. Nunua pakiti ya skrubu sahihi, pamoja na washa za kukunja na pini za kupasuka.

Silikoni usiipake popote ndani ya kabureta, maana petroli huilainisha na vipande vyake huziba jeti. Gundi ya nyuzi tumia ile ya nguvu ndogo, tone moja, na kwa skrubu za nje tu.

Klipu zenye umbo la E agiza maradufu ya unazohitaji. Unapoitoa, iingize kabureta pamoja na mikono yako ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha: klipu ikiruka itabaki humo humo. Skrubu na washa za shaba zitunze kwenye trei yenye kingo, kwa kuwa zikianguka sakafuni sumaku haiziokoti.