Kibandani au mtumbwini: kupiga picha ndege wa majini wakila

Kwa picha za ndege wakiwa wanakula, mimi huchagua kibanda cha kujifichia. Ingia kabla jua halijachomoza, tulia, nao watakuzoea hadi wakusahau. Yangeyange atasogea hatua chache tu kutoka ulipo, atikise mguu mmoja topeni, vidole vyake vya njano vikionekana majini. Samaki wadogo wakikurupuka tu, mdomo umeshachomoka kama mkuki! Ni jambo la kufumba na kufumbua, kwa hiyo weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/2000 ya sekunde au ya haraka zaidi, na lenzi iwe karibu na usawa wa maji.

Mtumbwi nao una faida yake: unamfuata mwari au mdiria anakowinda, na unachagua upande wa mwanga. Lakini unayumba, tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kamera, haikusaidii kitu, na kasia likigusa maji ndege huinua kichwa. Ndege aliyeinua kichwa ameacha kula. Ukizidi kumsogelea ataruka na kukosa mlo wake. Hapo rudi nyuma, hata kama picha hiyo uliitamani sana.