Ushirika wa kijamii wa Italia na kampuni ya maslahi ya jamii ya Uingereza

Italia iliutambua ushirika wa kijamii, yaani ushirika unaofanya kazi kwa manufaa ya jamii, kwa Sheria namba 381 ya mwaka 1991. Humo, kwa kawaida, kila mwanachama ana kura moja bila kujali wingi wa hisa zake, nao ushirika wa aina B, ulioundwa ili kuwapatia kazi watu waliosukumwa pembezoni, hulazimika kuhakikisha kwamba angalau asilimia 30 ya wafanyakazi wake wanatoka katika kundi hilo, na hupata nafuu ya michango ya hifadhi ya jamii. Katika gereza la Padova, kwa mfano, wafungwa huoka keki za Krismasi ziitwazo panettone, kwa ujira.

Kampuni ya maslahi ya jamii, iliyoanza kusajiliwa Uingereza mwaka 2005, ni nyepesi zaidi, kwani hata mtu mmoja anaweza kuianzisha na kujilipa mshahara. Hata hivyo, mali yake imefungwa, yaani sharti itumike kwa manufaa ya jamii tu, na gawio la wenye hisa binafsi halizidi asilimia 35 ya faida inayogawika. Wepesi huo, kwa maoni yangu, una kasoro: mfanyakazi hahakikishiwi kura, wala kampuni haipati misamaha ya kodi ya mashirika ya hisani.