Jiko la kioo pleti mbili: upande mmoja uligoma kuwaka, nikalifungua

Habari zenu watazamaji, karibuni tena jikoni kwangu, Tabata. Leo sijanunua kitu kipya. Jiko hili mnalifahamu: la kioo, pleti mbili, lile nililolileta kwa bodaboda kutoka Kariakoo mwaka jana nikiwa nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Siku ile nililisifu sana. Leo nalirudia, maana upande wa kulia, ule wangu wa maharage, uligoma. Unazungusha swichi, tak, tak, tak, harufu ya gesi inakuja, moto hauji.

Nikamwita fundi. Akalitazama kwa juu juu, bisibisi hata hakuitoa mfukoni. "Dada, hili limeshakufa, tafuta jingine." Haya. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mitungi kweli tunaiona kila kona ya mtaa. Fundi wa kulifungua jiko ndiye wa kutafuta kwa tochi. Basi nikalifungua mwenyewe.

Kabla hujashika bisibisi, jibu swali moja: limegoma upande mmoja au pande zote? Zikigoma zote mbili, au zote zikiwaka kinyonge, liache jiko, nenda kwenye mtungi. Pengine gesi imeisha tu. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa pale shingoni, upime ulinganishe. Au regulata haijakaa sawa, au mpira umekunjika nyuma ya kabati. Langu lilikuwa upande mmoja, kwa hiyo ugonjwa uko humu humu.

Sasa kipimo cha kiberiti. Washa njiti kwanza, isogeze kwenye bana, pale moto unapotokea, ndipo ufungulie gesi. Usianze na gesi halafu ukatafute kiberiti! Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutulia sakafuni. Kama umeshagongesha mara tatu nne bila kuwaka, funga, fungua mlango na madirisha, subiri harufu iishe. Swichi ya taa usiiguse, wala ya pangaboi.

Njiti ikiwasha vizuri, tatizo ni cheche. Isipowasha, tatizo ni njia ya gesi. Mimi nikapata vyote viwili kwa mpigo: moto uliwaka nusu duara tu, nusu nyingine giza.

Tuanze na hiyo nusu. Nimefunga mtungi, jiko limepoa, natoa kichwa cha bana. Sogea hapa uone. Hivi vitundu vya pembeni vimezibwa na nini? Uji. Chai ya maziwa. Povu la maharage ya Jumapili. Nimekiloweka kwenye maji ya moto na sabuni kama nusu saa, nikasugua kwa mswaki wa zamani, kila kitundu nikakipitisha uzi wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme uliokatika. Njiti ya meno usitumie, itavunjikia humo. Kisha juani hadi kikauke kabisa, maana maji yakibaki ndani ya vitundu jiko litagoma vile vile na utalitukana bure.

Ukilipindua chini utaona bomba la bana, na mdomoni mwake kuna kitundu kidogo sana cha shaba ya manjano kinachotoa gesi. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanachukua pini au sindano, wanachokonoa. Sindano ni chuma, inakipanua kile kitundu, gesi inatoka nyingi kuliko hewa, moto unakuwa wa njano na sufuria zinapaka masizi. Uzi wa shaba ni laini, hauli. Na ndani ya bomba nilikuta utando wa buibui, mwenyewe alishahama.

Kichwa kikirudi, kikae kwenye mkato wake. Kizungushe kidogo mpaka ukisikie kimetulia. Nina jirani alihangaika wiki nzima, kumbe kichwa kilikuwa kimekaa upande baada ya kuoshwa.

Sasa cheche, na hapa nitakiri kosa. Kuna mtu aliniuliza betri ya jiko inakaa wapi. Jiko kama hili halina betri. Ukizungusha swichi, ndani kuna kinyundo kinagonga kijiwe, kile kipigo ndicho kinachozaa umeme, unapita kwenye waya hadi kwenye hiki kipini chenye koti jeupe la kauri. Zima taa usiku, mtungi ukiwa umefungwa, ugongeshe. Cheche iruke kutoka ncha ya kipini kwenda kwenye bana. Nafasi yake iwe kama unene wa njiti mbili za kiberiti, milimita 4 hivi. Yangu ilikuwa karibu upana wa kidole, sufuria kubwa la pilau lilikisukuma kipini. Nikachukua plaizi, nikakamata kauri, nikakunja. Kach! Ikapasuka. Toka hapo cheche ikawa inarukia pembeni kwenye bati, kwenye bana haifiki. Ukikunja, shika chuma cha nchani, kauri usiiguse.

Nikarudi Kariakoo na kipini kilichovunjika mkononi. Kibebe, nakusihi, maana urefu wa waya na unene wa kauri vinatofautiana, na muuzaji atakwambia "hiki kinaingia" kwa kila kitu. Kipya kilinikaa sawa, kinatoa cheche ya bluu, sauti kavu. Nimeridhika nacho.

Ila jiko lenyewe nimelishushia heshima kidogo. Ili kukifikia hicho kipini nilifungua skrubu nane, mbili zimeshakula kutu kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani, moja ikakatika kichwa. Huku nimekishikilia kioo kwa kifua nisikivunje. Jiko la bati la dada yangu kule Mbagala, unainua sinia la juu, kila kitu kiko wazi mbele yako. La kioo linapendeza, linafutika kwa kitambaa kimoja, wageni wanalisifia. Nikinunua tena nitachukua la bati. Na kama unapikia barazani kwenye upepo, kiwashio usikipe kipaumbele hata kidogo, tafuta kiberiti cha gesi cha mkono mrefu.

Nimefungulia mtungi, nimepaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya mpira. Mapovu hayavimbi, hakuna kinachovuja. Haya, msinipigie kelele.

Tak.

Mmeona? Bluu, duara zima. Nipisheni nibandike maharage, yamelowa tangu jana.