Fomu ya P10 kwenye iTax: inaipokea ovataimu, haiikagui

Mwajiri anayekata PAYE (ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara) nchini Kenya hana budi kuwasilisha P10, ritani yake ya kila mwezi, kwenye iTax, mfumo wa ushuru wa mtandaoni, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hapa tunaipima fomu hiyo kwa jambo moja tu: malipo ya saa za ziada. Tunaanza na sifa yake, kwa sababu inastahili. Ovataimu ina safu yake yenyewe, iliyoandikwa "Over Time Allowance", baada ya malipo ya likizo. Haijafichwa ndani ya marupurupu mengine. Kiasi ukijazacho hapo hujumlishwa na mshahara wa kimsingi, nyumba na usafiri, kisha ushuru hukokotolewa juu ya jumla hiyo. Hakuna kiwango maalumu cha ovataimu.

Jambo hilo linahitaji kusisitizwa, maana zipo ofisi ambazo bado zinaamini kwamba mfanyakazi wa mshahara mdogo hatozwi ushuru kwa saa za ziada. Msamaha huo uliletwa na Sheria ya Fedha ya 2016 kwa walio katika daraja la chini kabisa, ukafutwa kwa sheria za mwaka 2020. Kuiacha ovataimu nje ya safu yake leo ni kutangaza mapato pungufu, na deni hilo humrudia mwajiri.

Udhaifu mkubwa ni kwamba safu hiyo hupokea shilingi tu. Haiulizi saa ngapi wala kwa kiwango gani. Ukiandika 28 kwa kuwa mtu alifanya kazi saa 28, fomu itaridhika. Kwa hiyo hesabu lazima ikamilike kabla ya kuigusa. Kwa wanaoongozwa na Agizo la Jumla la Mishahara (kanuni za kisheria za mishahara na saa za kazi), wiki ya kawaida ni saa 52 na mshahara wa kimsingi wa mwezi hugawanywa kwa 225 ili kupata thamani ya saa moja. Saa za ziada za siku za kazi huzidishwa mara 1.5, siku ya mapumziko na sikukuu mara 2. Marupurupu ya nyumba hayaingii katika mgawanyo huo, na hapo wengi hukosea.

Tuchukue mshahara wa kimsingi wa 45,000 na nyumba 6,750. Saa moja ni 200. Saa 20 za jioni kwa 300 ni 6,000. Jumapili moja ya saa 8 kwa 400 ni 3,200. Safu ya ovataimu inabeba 9,200.

Sasa makato ya hiyo 9,200 peke yake. Ikiwa NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) hukatwa kwa malipo yote ya mwezi na jumla haijafika kikomo cha juu, asilimia 6 ni 552. SHIF, mchango wa bima ya afya, asilimia 2.75, ni 253. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni 138. Tangu 27 Desemba 2024 vyote vitatu huondolewa kabla ya PAYE, hivyo kinachotozwa ni 8,257. Mfanyakazi huyu tayari yuko kwenye asilimia 30, basi PAYE ni 2,477.10. Mkononi anabaki na 5,779.90. Programu ya mishahara inayotoza asilimia 30 moja kwa moja juu ya 9,200 inamkata 282.90 zaidi ya haki yake, kila mwezi wa namna hiyo. Fedha hizo ni zake; mwenye hesabu azitafute.

Ushuru wa nyumba ndipo penye utata wa kweli. Tangazo la KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, lilieleza kwamba hukatwa kwa mshahara wa kimsingi na marupurupu ya fedha yanayolipwa kwa kawaida, likayatoa malipo yasiyo ya kawaida kama bonasi, posho ya likizo na kiinua mgongo. Ovataimu haikutajwa. Ikilipwa karibu kila mwezi, ni vigumu kudai si ya kawaida, ikate. Kama ni ya dharura mara moja kwa mwaka, andika msimamo wa kampuni na uufuate kwa wote, si kwa idara moja.

Malalamiko makali kuhusu ushuru wa ovataimu hutoka kwa walinzi na wafanyakazi wa viwandani, nayo yana sababu. Kwa viwango vya Julai 2023, mapato ya 24,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400, na nafuu ya kibinafsi (punguzo la ushuru) ya 2,400 huifuta yote. Shilingi inayofuata hutozwa asilimia 25. Ovataimu ikiongeza 4,000 juu ya hapo baada ya makato, 1,000 inaondoka. Si kweli kwamba mshahara wote umehamishwa daraja. Ni nyongeza tu. Lakini ukiruka kutoka sifuri hadi robo, unauhisi, na mwajiri muungwana humweleza mtu kabla hajakubali zamu.

Kwa upande wa ujazaji: pakua nakala mpya ya fomu kila inapobadilishwa, kwani za kabla ya mabadiliko ya Desemba 2024 hufuata hesabu ya zamani. Ruhusu makro kwenye Excel, la sivyo kitufe cha kuhakiki hakifanyi lolote. Ukiingiza faili la CSV, ondoa alama za mkato ndani ya tarakimu, maana 9,200 itasomeka kama safu mbili na kila kilicho kulia kitasogea. Ovataimu ya Machi iliyolipwa Aprili hukatwa PAYE Aprili, ndani ya safu ileile ya ovataimu. Usiipeleke kwenye safu ya malipo ya mkupuo. Anayekulipia kazi yako ya pili akujaze kama mwajiriwa wa pili, bila nafuu ya kibinafsi, hata kama unachopata kwake ni saa za ziada tu.

Mwisho wa mwaka faida ya ile safu inapotea. Kadi ya P9 anayopewa mfanyakazi haina mahali pa ovataimu. Huunganishwa na mshahara wa kimsingi. Anayetaka kuthibitisha saa zake hawezi kuitegemea kadi hiyo, kwa hiyo mpe pamoja nayo orodha ya miezi 12 yenye saa, kiwango na kiasi.